Mihogo Iliyolala Majini Usiku Mmoja

Faida wangu,

Umeenda kuwaaga akina Aline, na najua hutarudi sasa hivi, maana mama yake Aline hajui kumwachia mgeni mlango. Begi lako limefungwa. Nguo, kandambili, sabuni, daftari zako mbili, vyote vimo. Mengine Shangazi Zawadi atakuonyesha huko Idjwi: maji yanachotwa wapi, nani anaamkiwa kwanza, mlango unafungwa saa ngapi. Hayo siyaandiki. Nina jambo moja tu. Nimelikwepa tangu Noël, tangu Krismasi ile, na kesho asubuhi unapanda boti.

Nakuita mwanangu. Mimi ni dada yako, nina miaka kumi na saba, na bado naenda shule na shati jeupe na sketi ya bluu. Lakini mama alipokufa wewe ulikuwa na miaka mitatu, na papa alikuwa anatoka alfajiri kwenda kujenga nyumba za watu. Nilikubeba mgongoni mpaka darasani, na mwalimu alikuachia ulale juu ya makoti yetu nyuma ya mlango. Wenzangu waliniita Mama Faida. "Mama Faida, mutoto alishakula?" Nilikuwa naona haya, naficha uso ndani ya kitabu. Ila jina lile nililipenda, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo niachie niandike kama mama.

Mama humkumbuki vizuri. Alikuwa mpishi katika nyumba moja ya matajiri wa Muhumba, nyumba yenye watoto wengi na sherehe nyingi, na huko ndiko alikojifunza kwamba chakula cha sikukuu kinaweza kuchezewa. Nanasi linageuka nungunungu. Yai la kuchemsha linakuwa kifaranga mwenye macho ya pilipili manga. Kila Noël, akimaliza kazi ya Muhumba, alipanda kwetu Kadutu na kuwafanyia watoto wa avenue, mtaa wetu, sikukuu yao. Hapo hakutaka nungunungu. Alitengeneza ziwa. Meza nzima ilikuwa Kivu, na katikati kisiwa cha Idjwi, viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya lengalenga mpaka vikawa kijani. Vipande vya papai vilikuwa mitumbwi, na karanga ndizo abiria. Alikuwa akijaza karanga nyingi kupita kiasi, makusudi, kisha anapaza sauti:

"Mutumbwi imejaa! Toa babili, itazama!"

Mtoto anatoa karanga mbili, anatafuna. Mwingine anadai, "Maman, na ule munene atoke, iko nalemea benzake!" Mpaka mtumbwi unabaki mtupu, na papai lenyewe linaliwa.

Halafu sambaza. Si wale samaki wadogo wa kweli. Wa mama walikuwa wa unga, sukari na yai, wamekatwa kwa kipande cha bati alichokikunja mwenyewe kwa umbo la samaki, wamekaangwa, wamebingirishwa katika sukari. Aliwafunga katika karatasi kama wanavyofunga wamama wa sokoni, na watoto wakaja kubishana naye: "Maman, hizi zimenuka, ongeza!" Nusu ya unga ilikuwa ngano na nusu mihogo, ili samaki wakauke na wavunjike mdomoni. Unga wa mihogo aliutengeneza yeye. Sheria zake nyingi za jikoni nimezisahau, ila hii aliirudia kila mara, tena kwa kidole juu: mihogo michungu ilale majini siku tatu, halafu jua.

Alipokufa, sikukuu ile niliishika mimi. Sikuwa na mdomo wake wa kuchekesha watu, mimi ninayesahau maneno nikisimamishwa darasani. Lakini mikono yangu ilijua kufanya kama yake, na mara moja kwa mwaka watu wa avenue walisema, "Angalia, mama yake hakufa yote." Nilikuwa nangoja maneno hayo mwaka mzima.

Sasa Noël iliyopita.

Papa alileta mihogo Jumamosi. Alipewa na mtu wa Walungu, gunia zima, na kwa wakati huu ambapo ujenzi umesimama na unga wa dukani unapimwa kwa kikombe, tulifurahi kama waliopewa ng'ombe. Aliniambia, "Nsimire, tia hii kwa mayi leo leo." Nikajibu, "Ndiyo, papa." Nilikuwa nimeazima kitabu cha hadithi kwa siku tatu. Nilipindua ndoo, nikaketi juu yake nikasoma. Ilikuwa ndoo ya kulowekea mihogo. Jumapili tulienda misa, tukarudi, nikaketi tena palepale. Jumatatu ilikuwa siku ya matokeo ya mitihani. Nilikuwa wa pili darasani, nikarudi nyumbani kama natembea juu ya mawingu. Mihogo niliikumbuka Jumanne jioni. Sikukuu ilikuwa Alhamisi.

Ililala majini usiku mmoja. Jumatano mvua haikuacha hata dakika, kwa hiyo niliikata vipande vyembamba, nikaikausha juu ya makaa, nikaitwanga, nikaichunga. Unga ulikuwa mweupe. Ulikuwa unafanana na wa mama. Nilijiambia kwamba siku tatu ni mambo ya wazee, kwamba moto wa mafuta utamaliza kazi ambayo maji hayakuimaliza.

Alhamisi asubuhi tulikuwa wawili jikoni. Wewe ulikuwa fundi wa macho. Ulitoboa kila samaki kwa njiti ya kiberiti. Unakumbuka?

"Huyu iko anaangalia vibaya. Nimukule?"

"Mukule."

"Huyu hana mukia."

"Mukule."

"Na huyu... huyu hana kitu, lakini nasikia huruma, bataenda kumukula batu yeye habajue."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikakwambia mukule. Ulikula waliokaangwa na ulikula mabaki mabichi ya unga, na kila mara ruhusa niliitoa mimi. Nilishajaribu kuhesabu ni mara ngapi nilikwambia kula, siwezi kufika mwisho.

Nami nilionja mmoja. Kulikuwa na uchungu, mdogo, nyuma ya ulimi. Nikaongeza sukari kwenye unga uliobaki. Nikaugusa tena kwa ncha ya ulimi, sikusikia kitu, nikafurahi.

Mchana Koko Vumilia, bibi jirani yetu, alikuja na jagi lake la maji ya tangawizi. Unajua desturi yetu: anayeleta kinywaji anakunywa wa kwanza, watu wamuone. Alijaza kikombe akakimaliza mbele ya wote, akafuta mdomo. "Mumeniona? Bado niko natembea. Leteni bikombe, nyinyi baoga!" Watoto wakacheka. Mimi hakuna aliyeniambia nionje samaki wangu mbele ya watu. Nani angemwambia hivyo binti wa mama?

Kabla jua halijazama ulitapika. Halafu wengine wanne. Wale wanne walitapika, wakalala, kesho yake wakaamka wanacheza. Wewe uliyekula tangu asubuhi ulianza kuzungumza maneno yasiyokuwa na mwisho, ukaniambia kichwa kinazunguka, kisha miguu ikakataa. Papa alikubeba kwenye kituo cha afya akikimbia, mimi nyuma yake na kiatu chako kimoja mkononi. Muuguzi alikufungua macho kwa kidole. Akaniuliza mimi, kwa sababu papa alikuwa hawezi kusema:

"Alikula nini? Mulikula mihogo?"

Nikasema, "Hapana. Mikate ya ngano tu."

Faida, hilo ndilo neno. Mengine yote ni kuchelewa na ujinga, lakini neno hilo nililichagua. Nilimuona muuguzi akiliandika. Ulikuwa umelala mbele yangu, midomo imebadilika rangi, na bado nilifikiria watu wa avenue watasema nini juu ya mikono yangu. Ulikaa usiku mzima na siku nzima bila kunijua. Labda angejua, angekupa dawa nyingine. Labda hakuwa nayo. Sitajua kamwe.

Ulipofungua macho, papa alikuinamia. "Sema kwa papa. Nani alikupatia kitu cha kunywa?" Ukasema, "Koko alinipa jus ya tangawizi." Ilikuwa kweli. Ulikuwa na miaka minane, uliulizwa swali, ulilijibu.

Hujui yaliyofuata, maana ulikuwa bado kituoni, na tulikwambia tu kwamba Koko alihama. Unajua watu wetu wakisikia tumbo limeuma baada ya karamu hawatafuti sufuria, wanatafuta mtu. Walisema karuho, sumu ya wachawi. Walisema amekupa sumu kwa sababu yeye hana wajukuu. Mtu mmoja alikumbusha kwamba alikunywa wa kwanza, akajibiwa kwamba wachawi wanakunywa dawa yao kabla ya kuja. Basi hata desturi haikumsaidia. Papa alikwenda kugonga mlango wake, na vijana walimfuata. Papa aligonga tu, akauliza. Wale waliokuwa nyuma yake hawakuuliza. Jiwe lilimpiga Koko juu ya jicho. Walipanda juu ya nyumba wakatoa mabati, moja, moja, mchana kweupe, na mvua ya jioni ikaingia ndani juu ya kitanda chake.

Siku ya tatu binti yake alikuja kumchukua kwenda Minova. Walipita mbele ya mlango wetu na godoro. Nilikuwa nimesimama pale na kitabu, sijui kwa nini nilikuwa na kitabu. Koko alisimama. Jicho moja lilikuwa limefunga.

"Nsimire," aliniambia, "wewe unasoma. Bambie basi."

Nikatazama chini. Aliendelea kwenda.

Sikujua kama alijua. Labda aliomba tu msaada kwa mtu wa karibu mwenye masomo. Kila nikifikia kuamua ni lipi, nageuka upande wa pili.

Mwezi wa pili mwalimu wa kemia aliandika ubaoni jina la sumu iliyo ndani ya mihogo michungu, na namna maji yanavyoiondoa polepole, na kwamba moto wa mafuta hauiondoi yote. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Basi bamama yetu bote ni barozi, ni bachawi, kwetu banaloweka siku mbili!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi nilinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri, nikapigia mstari. Nilipata alama zote katika swali lile.

Wewe ulipona, lakini ulirudi na woga, maana swali la papa ulilielewa. Huli chakula cha mtu. Kwa akina Aline unasema umeshiba. Shuleni unamwaga uji. Shangazi Zawadi alipokuja kutoka Idjwi na sambaza wa kweli, amewakaanga yeye mwenyewe, ulisogeza sahani, na yeye akalia: "Miye njo nitakuua, mutoto ya kaka yangu?" Unakula cha mkono mmoja tu katika mji huu mzima. Unakula ninachopika mimi. Unakaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, unaangalia, halafu unakula na kuniegemea. Kila mara unaponiegemea nasikia kama nitaanguka.

Umekonda. Papa anafikiri avenue hii ina watu wabaya, ndiyo sababu anakupeleka kisiwani, mbali na mikono yao. Lakini ukienda hivi ulivyo, huko hutakula. Nimeona mifupa ya mgongo wako nikikuosha. Ndiyo maana ninaandika.

Sina mafundisho mengi. Watu wamenisifu tangu mdogo kwa kuwa kimya. Walisema, Nsimire ana heshima, Nsimire hana maneno. Nami niliamini kwamba mtu asiyesema hawezi kumdhuru mtu. Koko aliniomba maneno mawili, nikampa heshima yangu. Wewe una mdomo kama wa mama. Watakwambia huko Idjwi unyamaze. Mara nyingine nyamaza, kwa mfano mbele ya wakubwa wakizungumza mambo yao. Lakini ukiulizwa na mtu anayeshika mkono wa mgonjwa, sema. Hata sauti ikitetemeka. Mimi nilingoja isitetemeke, na miezi saba imepita.

Nimeacha kuandika kidogo. Papa amerudi.

Nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakatoka vibaya, nilianzia mwisho. Alikuwa anavua viatu, akabaki na kimoja.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia.

"Miye njo niligonga ule mulango, Nsimire. Miye wa kwanza."

"Ndiyo, papa."

"Na wewe ulikuwa unaniangalia."

"Ndiyo, papa."

Nilidhani atanipiga. Hajanipiga tangu mama afe. Alikaa, anakisugua kiatu kwa kidole gumba, mahali pamoja tu.

"Usimwambie mutoto. Aende na roho nyeupe."

"Akienda vile, hatakula kwa Shangazi."

"Na bale vijana bakisikia? Balitoa mabati ya muzee muzima. Wewe batakuachia?"

"Sijui, papa."

"Haujui!" Alisimama. "Unasoma vitabu yote hii, na haujui!" Akatoka nje na kiatu kimoja. Namuona kutoka hapa. Amesimama anaangalia nyumba ya Koko, kuta bila paa, majani yameanza kuota ndani.

Mimi kesho, boti ikishaondoka, nitakwenda kwa mkuu wa avenue nimwambie, na nitamwomba aite watu. Papa hakusema atakuja nami. Hakusema hatakuja. Kisha nitamwandikia Koko huko Minova, au nitakwenda mwenyewe nikipata njia. Labda hatafungua mlango, na ana haki.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi.

Faida, naandika tena, na haya utayasoma ukiwa mkubwa kidogo, pamoja na yale niliyokusomea.

Uliingia na bakuli la mama yake Aline, limefunikwa kwa sahani. Uliliweka karibu na mlango, kama unavyoweka vyote, vya kuwapa wengine. Ukaniuliza ninaandika nini. Nikakwambia barua yako. Ukasema, "Soma." Papa aliingia akasimama nyuma yako. Nikasoma, kutoka mwanzo. Nilidhani nitaruka mahali fulani, sikuruka.

Ulisema mambo matatu.

"Jus ya Koko ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Lakini miye nilisema ni Koko."

"Uliulizwa nani alikupa kinywaji, ukasema kweli. Mimi niliulizwa, nikasema uongo. Si kitu kimoja, Faida."

Ulikuwa unavuta uzi wa gauni lako.

"Na wewe? Ulikula samaki ngapi?"

"Mmoja. Wa kuonja."

Uliniangalia kama mtu anayesoma neno gumu. Kisha ukainuka, ukaenda mlangoni, ukalichukua bakuli la mama yake Aline. Maharagwe na ndizi, vimepoa. Hukunusa, hukuuliza nani alipika. Ulikula umesimama, kwa mkono, haraka, mpaka ukapangusa bakuli kwa kidole. Sijakuona ukila hivyo tangu Noël. Papa aligeuza uso ukutani.

Nikainuka kuwasha mbabula, maana ulikuwa bado huna chakula cha njiani. Nilikuwa nimeshika ndizi na kisu. Ukasema, bila hasira, kama unavyosema mambo ya kawaida:

"Hapana. Ya njiani atapika papa."

Nikaweka kisu chini.

Papa hajui kupika. Yuko nje sasa anapepea makaa, moshi unamwingia machoni, na ndizi zinaungua upande mmoja. Wewe umekaa kwenye jiwe karibu naye, unamwambia geuza, geuza, na hajui kugeuza. Mimi niko huku ndani, na mlango umerudishwa.

Kula hizo, mwanangu. Kula zilizoungua. Na kesho, na keshokutwa, kula cha Shangazi, kula cha majirani zake, kula kwa watu ambao hata majina yao hujui bado.

Nsimire